Siku Niliyopatana Bei na Theluji

Siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka vidole vinaniuma, mwanangu, sikuwa hapa Guangzhou. Nilikuwa mbali huko magharibi, juu ya mlima ambao jina lake lilinishinda kulitamka, nimevaa jaketi jekundu lenye lebo bado shingoni, nikibishana na mzee mmoja wa Kichina kuhusu theluji. Ubishi ule nilishinda. Ndiyo maana nimekuita ukae hapa, uweke hiyo simu chini, unywe chai yako na unisikilize mpaka mwisho.

Maana nimesikia, Glory. Bosi wako wa majaketi anakupeleka Jumamosi kwenye mlima wa theluji ukampigie video za matangazo, na wewe umeshawaambia watu kanisani kwamba binti wa Moshi hatishwi na theluji. Maneno hayohayo niliyasema mimi nikiwa na umri wako, tena kwa sauti kubwa kuliko yako. Sikukatazi kwenda. Lakini huondoki mji huu kabla hujajua nilichokifanya, na nitakueleza bila kujipendelea.

Enzi hizo nilikuwa sijafika miaka thelathini. Watu waliniita Aika tu. Hili la kuitwa Mama limekuja na mvi. Nilikuwa nanunua nguo na viatu pale Liuhua, karibu na stesheni ya treni, natuma nyumbani Moshi na Arusha, na wateja wangu wakubwa walikuwa wapagazi na waongozaji wa Kilimanjaro. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya nne, meza, mizani ya kupimia mizigo, na ukutani kalenda kubwa yenye picha ya Kibo. Kalenda ile ndiyo iliyoniingiza matatani.

Kulikuwa na laoban mmoja, bosi mwenye karakana ya majaketi ya mlimani pale Kangle. Nitamwita Chen. Alikuja siku moja kunywa chai na kuniletea sampuli, akaiona kalenda. Akauliza, kwenu? Nikasema kwetu. Akaonyesha ule weupe juu. Theluji? Nikasema theluji. Basi, palepale akaamua mimi nimezaliwa humo, nimekulia humo, nalijua kila punje yake. Sikumkatalia. Nani anamkatalia bosi anayekusifia?

Ukweli wenyewe unaujua, maana na wewe ni mtoto wa kule. Theluji ya Kibo nilikuwa naiona kutoka uani kwa mama, Marangu, asubuhi mawingu yakifunguka, nimejitwisha majani ya ng'ombe. Kuupanda mlima, niliishia kituo cha kwanza na wanafunzi wenzangu, na pale hakuna hata barafu ya kutia kwenye soda. Huo ndio uliokuwa utaalamu wangu wote.

Sasa Chen akapata wazo. Maonyesho makubwa ya biashara ya Pazhou yalikuwa yamebakiza wiki mbili kufunguliwa, na alitaka jalada jipya la katalogi yake: mimi, binti wa Kilimanjaro, nimevaa jaketi lake katikati ya theluji. Picha ikitoka vizuri, mimi ndiye ningekuwa wakala wake pekee kwa Tanzania nzima. Mwanangu, usiku ule sikulala. Niliona duka langu Arusha limeandikwa jina langu kwa herufi kubwa.

Mpiga picha tulikuwa naye: Justin, Mkongo wa Bukavu, mfanyabiashara mwenzetu aliyekuwa na kamera nzuri na moyo mzuri kuliko kamera. Tukapanda ndege watatu hadi Chengdu, halafu gari siku nzima, barabara ikipanda mpaka masikio yakaziba. Kijijini kule juu Chen alikuwa amemkodi mwongozaji, mzee wa miaka kama sitini, mfupi, mashavu yamebabuka kwa jua. Tulimwita Shifu, kama wanavyomwita fundi aliyeiva katika kazi yake. Kichina chake kilikuwa kizito, changu cha sokoni, lakini tulielewana. Chen akanitambulisha kwake kuwa mimi ni mtaalamu wa milima ya theluji ya Afrika. Shifu akaniangalia viatu.

Theluji ilikuwa imeanguka siku mbili mfululizo, na upepo ulikuwa umevuma mno. Asubuhi ya tatu kukapambazuka kweupe, jua kali, mbingu bluu, na kila kitu kinang'aa. Nikasema Mungu ni mwema, picha ndiyo hii. Shifu alisimama mlangoni kwake akiangalia miteremko kwa muda mrefu, uso umekunjamana. Akatupa kila mtu beleshi dogo la kukunja, tulifunge mgongoni. Akasema mtu akifunikwa na theluji, wengine wasikimbie ovyo. Kwanza wakazie macho mahali alipoonekana mara ya mwisho. Mimi nilikuwa natafuta kioo nijipake mafuta ya mdomo. Justin alisikiliza.

Na lile beleshi, mwanangu, nililiacha kwenye gari. Lilikuwa linafanya jaketi livimbe mgongoni, nikaona litaharibu picha.

Chen na dereva wakabaki kwenye gari, sisi watatu tukapanda. Baada ya saa moja hivi tukafika pembeni ya mteremko mmoja mpana, mweupe, hauna alama hata ya ndege. Ng'ambo yake kulikuwa na jiwe kubwa jeusi, na nyuma ya jiwe vilele vyote vimejipanga. Justin mwenyewe alipiga mluzi. Jalada la katalogi lilikuwa pale, kazi ni kuvuka tu.

Shifu akatuzuia kwa mkono. Akachimba shimo kwenye theluji, pembeni mahali salama, mpaka kiunoni, akausawazisha ukuta wake kwa glavu. Nikaona ile theluji imepangana kwa matabaka. Juu tabaka nene la siku mbili zile, limeshikana. Chini yake ukanda mwembamba wa punjepunje kama sukari, ukiugusa unamwagika. Chini zaidi, gumu tupu. Akakata kipande kikasimama peke yake, akaweka beleshi juu, akaligonga kwa kiganja, taratibu tu, unavyombembeleza mtoto mgongoni. Moja, mbili, tatu. Pigo la tatu, tabaka lote la juu likateleza likamwangukia mapajani, limekatika kama limepigwa kisu.

Akanyanyuka, akajipangusa. Akasema, "Bu xing." Haiwezekani.

Sasa nisikilize hapa, maana kosa langu lote liko hapa, na ni kosa la mtu wa soko hili. Wewe mwenyewe unajua bu xing ya Liuhua ni nini. Unataja bei yako, muuzaji anatikisa kichwa, bu xing, bu xing, na hapo ndipo biashara inapoanza. Unacheka, unarudisha mzigo mezani, unaondoka hatua tano, anakuita. Bu xing ya kwanza haiaminiwi na yeyote, hata yeye anayeisema. Mimi nilikuwa nimekula mkate wangu miaka minne kwa kutokuiamini. Nilikuwa hodari, watu wazima walinituma niwapatanie bei. Kwa hiyo Shifu aliposema bu xing, masikio yangu yalisikia: ongeza kidogo.

Nikatabasamu. Nikamwambia, sawa, si mteremko wote, mpaka kwenye jiwe tu. Bu xing. Nikasema basi nusu, tupige picha katikati turudi. Bu xing. Nikamwambia dakika tano. Akatikisa kichwa. Nikafanya lile la kuondoka: nikabeba mkoba wangu, nikageuka, nikaanza kushuka polepole nikisubiri kuitwa. Hakuniita. Nikarudi mwenyewe, na aibu niliyoipata ikanipandisha hasira.

Justin akanishika mkono. "Aika, ule mzee anasema apana. Tumusikilize, je t'en prie, nakuomba. Miye ile neige, ile theluji, naiogopa."

Nikamwambia anyamaze, yeye ni mtu wa ziwani, theluji hajui. Kisha nikatoa la mwisho, lile ambalo nikilikumbuka najisikia vibaya mpaka leo. Nikamwambia Shifu kwamba laoban amesafiri njia yote ile, na yeye anamvunjia heshima mbele ya wageni. Nikaongeza kwamba kwetu, wazee hawaogopi mlima.

Akauangalia mteremko, akaniangalia mimi, akaangalia chini kule lilikobaki gari la bosi aliyemlipa. Nilimwona akilegea, mwanangu. Nawajua watu wanavyolegea, ndiyo kazi yangu. Akasema tutapita chini kidogo, mpaka kwenye jiwe, mmoja mmoja, na yeye atatangulia. Tukawa tumekutana katikati, kama ilivyo sokoni. Nikafurahi. Nakwambia ukweli mbele ya Mungu, nilifurahi kama niliyepunguziwa bei.

Alikwenda hatua ishirini, labda thelathini. Kwanza tulisikia mguno, mzito, umetoka chini ya miguu yetu, kana kwamba mlima mzima umeketi. Kisha ufa ukakimbia mteremkoni juu ya Shifu, kutoka upande huu mpaka ule, kufumba na kufumbua, na mteremko wote ukavunjika vipandevipande ukaanza kushuka naye. Alipiga kelele mara moja. Nikaona mkono, nikaona kofia ya kahawia, nikaona vumbi jeupe. Halafu kimya. Kimya kile sikitamani kukisikia tena.

Mimi nilisimama nikipiga mayowe. Yesu, Yesu, Yesu, ndiyo yote niliyoweza. Justin hakupiga kelele. Alinyoosha mkono na hakuushusha. "Kofia nimeiona pale! Miye siondoe macho! Shuka wewe, fuata mukono yangu!"

Nikashuka, naanguka, nainuka, nafuata mkono wake mpaka aliposema hapo. Naye akaja, ameshikilia miguu ya chuma ya kamera yake. Tukaanza kuchoma theluji kwa chuma kile, hapa hakuna, hapa hakuna, hapa hakuna. Na theluji ikishaporomoka, mwanangu, usidhani ni pamba. Inashikana kama zege. Kila nilipochoma niliomba chuma kiguse kitu laini. Nikasema moyoni, Bwana, sitaki katalogi, sitaki uwakala, sitaki duka, nipe huyu mzee. Nilisema hivyo na nilimaanisha, na sikuacha kuchoma.

Kikagusa. Kikadunda kidogo, si kama jiwe. Tulikuwa na beleshi moja, la Justin. La Shifu lilikuwa limefukiwa pamoja naye, langu lilikuwa kwenye gari likilinda umbo la jaketi. Justin akachimba kutoka upande wa chini, mimi nikafukua kwa mikono. Glavu zilichanika, nikazitupa. Kucha zikang'oka na sikuhisi kitu. Nilikuwa nimeamua kwamba kama tutamkuta amekufa, tutamkuta, lakini siondoki pale bila yeye. Tukaona kofia. Tukaona paji la uso, limekuwa rangi ya jivu. Nikaingiza vidole mdomoni mwake nikatoa theluji, Justin anamwita, Papa, Papa, kwa lugha ambayo mzee wa watu hakuijua.

Akakohoa. Uuwi, mwanangu! Nimezaa watoto watatu na hakuna kilio cha mtoto kilichonifurahisha kuliko kikohozi kile.

Paja lilikuwa limevunjika. Chen na dereva walikuwa wameliona lile vumbi, wakapanda mbio na kamba na blanketi, tukamburuta mpaka kwenye gari. Aliishi. Lakini hakupanda mlima tena mpaka mwisho wa maisha yake. Mtu aliyekuwa akijilisha kwa miguu yake, nilimwachia mguu mmoja mzima, kwa sababu ya picha.

Siku ya tatu nilikwenda hospitalini kumwangalia, vidole vyangu vimefungwa bandeji vyote kumi. Nilikuwa nimejipanga kuomba msamaha, Kichina nimekikariri njia nzima. Akaninyamazisha kwa mkono, uleule aliotuzuia nao.

Akasema, "Nilikwambia mara moja. Ya pili uliitaka ya nini?"

Akageuza uso ukutani, akasema tena, taratibu, kwamba na yeye ana kosa lake. Kosa lake, alisema, ni kwamba ile mara ya pili alinijibu. Angeniacha nishuke zangu na mkoba wangu.

Nililia mpaka muuguzi akanitoa nje. Hakunitukana, hakunidai, hakumlaumu bosi. Angenitukana ningepona haraka.

Niliporudi Guangzhou nilimwendea Chen karakanani kwake Kangle, nikamwambia mbele ya mafundi wake wote: mimi theluji siijui, sijawahi kuikanyaga kabla ya siku ile, nilikudanganya. Uwakala akampa mtu mwingine, na alikuwa na haki. Kalenda niliiacha ukutani makusudi, iwe inaniona. Na nikajiapia jambo moja. Kama nitaendelea kuwauzia watu wa mlimani nguo za kuwakinga, nitajifunza kinachoweza kuwaua wakiwa wamezivaa.

Majira ya baridi yaliyofuata nikarudi kule kijijini. Binti yake Shifu alinifungia mlango. Nikakaa nje kwenye baridi mpaka jioni, kesho yake nikarudi nikakaa tena. Siku ya tatu Shifu akatoka na mkongojo wake, akanirushia beleshi, akanionyesha kijiteremko nyuma ya nyumba. Chimba, akasema. Nikachimba. Alikaa kwenye kiti mlango wa nyuma akinisahihisha kwa mkongojo. Kila mwaka nilikwenda wiki moja, miaka tisa, mpaka nilipoweza kuutazama ukuta wa theluji nikamweleza hali ya hewa ya mwezi mzima uliopita, naye akaguna. Kuguna kwake ndiyo ilikuwa sifa. Mwaka wa mwisho wa uhai wake alinipa beleshi lile, ni hili hapa mezani, mpini nimeuunga kwa gundi mara mbili.

Sasa wewe, Glory.

Leo hiihii, kabla hujafika nyumbani, mpigie bosi wako umwambie theluji huijui. Mwambie kwa maneno hayohayo. Akikuona mjinga, huo ni ujinga wa bei rahisi kuliko nilioununua mimi. Ukifika huko, uliza theluji imeanguka lini na upepo ulitoka wapi, maana upepo unaihamisha unailundika upande uliojificha, na huko ndiko kunakoua. Ukiona mteremko jirani umeporomoka, ujue na wako unaweza. Ukisikia ule mguno chini ya miguu, au ukaona ufa unakimbia mbele ya kiatu chako, rudi kwa njia uliyojia, usingoje maelezo. Anga likitakata ghafla baada ya theluji nyingi, na jua likawa tamu kwa picha, hapo ndipo uogope zaidi. Na ukiuona mteremko mzuri hauna alama ya mtu, kabla hujausifia, jiulize kwa nini watu hawakupita.

Lakini hayo yote yanaweza kukutoka kichwani, una mambo mengi wewe. Moja lisikutoke. Mwongozaji akikwambia bu xing, jibu ni lile la Kichina, "Hao." Sawa. Useme mara ya kwanza, ugeuke, ushuke, hata kama bosi amenuna, hata kama video zimeharibika. Usimwombe nusu, usimwombe robo, usimwombe dakika tano. Pale juu hakuna bei ya katikati. Huku sokoni patana nao mpaka watoe machozi, nami nitakupigia makofi.

Haya, simama nikuombee. Mungu wa mama zetu kule chini ya Kibo akutangulie njia yote. Akupe macho ya kuona kilichojificha chini ya weupe, na sikio linalosikia mara ya kwanza. Akupe rafiki kama Justin, asiyeondoa macho pale unapopotea. Nawe akufanye uwe Justin wa mtu.

Na beleshi hili chukua, ulifunge mgongoni, jaketi livimbe lisivimbe. Nimekuazima, sijakupa. Jumatatu asubuhi nitakuwa nimekaa kiti hikihiki, chai iko mezani, nakungoja. Lirudishe wewe mwenyewe, kwa mkono wako.